Nyumba Nyuma ya Gari: Kutoka Leicester hadi Kisiwa cha Anglesey

Asili ya neno karavani ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni msafara wa wafanyabiashara na wanyama wao. Waingereza walilipokea neno hilo wakaligeuza maana kidogo kidogo, hata leo mtu wa Uingereza akitaja karavani hakusudii ngamia wala marobota ya ngozi. Anakusudia kijumba cheupe chenye magurudumu mawili, chenye jiko, vitanda, choo na mapazia, kinachokokotwa nyuma ya gari la kawaida la nyumbani. Shule zinapofungwa mwezi wa Julai, barabara zote zinazoelekea pwani za Wales, Cornwall na Norfolk hujaa vijumba hivi.

Kwa familia ya Kiislamu chombo hiki kina faida ambazo hoteli haiwezi kuzitoa. Sufuria ni zako, na nyama umeichinjisha au umeinunua mwenyewe. Hakuna ukumbi wa pombe chini ya chumba chako. Mama wa nyumba anavua mtandio wake akiwa ndani ya mlango wake mwenyewe, na mzee anayeamka mara tatu usiku hana haja ya kupita ukumbini mbele ya wageni. Alfajiri inapoingia, udhu uko hatua mbili kutoka kitandani. Kwetu sisi jambo lililokata shauri lilikuwa Bi Mkubwa, mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Unguja kukaa nasi kiangazi kizima. Miguu yake haipendi ngazi, na tangu aliposhuka ndege alikuwa akiuliza swali moja: “Hii nchi si kisiwa? Bahari yenyewe iko wapi?” Leicester iko katikati ya Uingereza, na hakuna mji ulio mbali na bahari kama miji ya upande huo.

Hata hivyo, anayetaka kukokota karavani kwa mara ya kwanza hana budi kujua kwamba gari lake, likishafungiwa mzigo huo, si lile gari alilolizoea. Linachelewa kushika kasi, linachelewa zaidi kusimama, na kwenye kona magurudumu ya nyuma ya msafara hupita ndani kuliko yale ya mbele. Na walio ndani ya gari hilo ni mke, watoto na mzazi. Ile hadithi mashuhuri ya bedui aliyeelekezwa na Mtume (SAW) amfunge kwanza ngamia wake ndipo ategemee husomwa sana juu ya mimbari. Katika jambo hili haihitaji sherehe ndefu, maana suala lenyewe ni la kufunga.

Sheria ya Uingereza imelegezwa. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo anaruhusiwa kukokota tela lenye uzito wa hadi kilo 3,500. Kabla ya hapo, waliopata leseni kuanzia mwaka 1997 walitakiwa kufanya mtihani wa ziada kwa mizigo mizito. Naona sheria mpya imewatua watu mzigo wa makaratasi, lakini ujuzi haukuja pamoja na ruhusa. Siku moja ya mafunzo kwa mwalimu wa kazi hii, hasa somo la kurudi nyuma, ni fedha isiyopotea. Karavani hurudi kinyume na usukani: ukitaka mkia uende kulia, usukani unaupeleka kushoto, kisha unaufuata. Akili inalielewa jambo hilo kwa dakika moja, ila mikono inalielewa baada ya saa nzima katika uwanja mtupu.

Kazi ya kwanza ni hesabu, nayo hufanywa kabla ya kununua chochote. Kwenye kila gari kuna kibati au karatasi ngumu, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango, yenye namba nne za uzito. Ya kwanza ni uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari pamoja na abiria na mizigo yake. Ya pili ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Mbili zilizobaki ni za ekseli ya mbele na ya nyuma. Namba hizi ni mipaka ya mtengenezaji, na kuzivuka ni kuvunja sheria. Mbali nazo, wazoefu wa karavani wana kanuni yao, ambayo si sheria bali ni ushauri: anayeanza asikokote karavani inayozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake likiwa tupu. Gari letu la dizeli lina kilo 1,750, hivyo mpaka wetu ulikuwa kilo 1,487. Karavani tuliyoipata kwa mkono wa pili imeandikwa kilo 1,400 ikiwa imejaa na kilo 1,240 ikiwa tupu. Tofauti ya namba hizo mbili, kilo 160, ndiyo nafasi ya vitu vyote mnavyotaka kubeba, kuanzia betri hadi mswala.

Msomaji aliyewahi kumwona mchukuzi wa mkokoteni pale Darajani au Kariakoo ana elimu ya kutosha kuelewa linalofuata. Mchukuzi hodari hupanga magunia mazito juu ya magurudumu. Akiyarundika nyuma, mikono ya mkokoteni inamnyanyuka na kumtupa. Akiyajaza mbele, inamlemea mabegani. Karavani ni mkokoteni huohuo, isipokuwa mchukuzi ni gari na mwendo ni kilomita 90 kwa saa. Kichwa chake kinatakiwa kilikalie gari kwa uzito wa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa karavani. Kwa karavani ya kilo 1,400 hiyo ni kilo 70 hadi 98. Lakini gari nalo lina kikomo chake cha kukaliwa, na cha kwetu ni kilo 80, kwa hiyo sisi tulikuwa na dirisha jembamba kati ya 70 na 80. Kipimo chake ni kidogo kama pampu ya baiskeli, kinasimamishwa chini ya kichwa cha karavani, na kila familia inayosafiri hivi inastahili kuwa nacho. Vitu vizito hulala sakafuni karibu na ekseli, nguo huwekwa juu, na nyuma kabisa hupewa vitu vyepesi, au pasiwekwe kitu.

Nimekaa sana juu ya jambo hili kwa sababu ndilo linaloua. Karavani iliyoelemewa nyuma, ikiteremka mlima kwa kasi au ikipitwa na basi kubwa linalosukuma hewa pembeni, huanza kuyumba kulia na kushoto kama mkia wa papa, na kila myumbo ni mkubwa kuliko uliotangulia. Dereva mgeni hukanyaga breki au hupigana na usukani, na yote mawili huzidisha balaa. Linalotakiwa ni kushika usukani wima bila kuubana, kuinua mguu taratibu kwenye mafuta, na kuliacha gari lipoteze mwendo lenyewe.

Gari lenyewe hutayarishwa na fundi. Chini ya bampa la nyuma hufungwa chuma cha kuvutia, chenye tufe la chuma la upana wa milimita 50. Kwa magari yaliyosajiliwa Uingereza tangu Agosti 1998, chuma hicho lazima kiwe cha aina iliyoidhinishwa kwa gari hilo hasa. Fundi wa kuchomelea vipande vya kubahatisha hana nafasi hapa. Baada ya chuma huja umeme: soketi ya pini 13 inayopeleka taa za breki, indiketa na taa za nyuma kwenye karavani, na pia umeme wa friji wakati wa safari. Katika magari ya sasa, kompyuta ya gari huarifiwa kwamba kuna tela, ili mifumo ya kuzuia kuyumba ijue inashughulika na nini. Kazi hii si ya kuunganisha nyaya kwa kukisia. Fundi aliyetufanyia ni mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala, Kiswahili chake kingali kizima, na alitumia nusu ya mchana kutuonyesha kila waya kabla ya kupokea malipo.

Upepo wa tairi za nyuma za gari huongezwa kufikia kiwango cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Taa za mbele huinamishwa kidogo, maana pua ya gari hunyanyuka. Vioo vya ziada hufungwa pembeni, kwa sababu karavani ni pana kuliko gari na dereva asiyeona nyuma anavunja sheria. Kampuni ya bima huarifiwa. Tairi za karavani zina hila yake: husimama miezi mingi bila kutembea, hivyo mistari yake hubaki mipya huku mpira ukizeeka. Ubavuni mwa tairi yoyote kuna tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, na hilo linawafaa hata wasomaji wanaonunua tairi zilizotumika Dar es Salaam. Ushauri wa wazoefu ni kuzibadilisha zikifikisha miaka 5 na kutozitumia kabisa zikipita 7.

Wiki moja kabla ya safari tulipakia kila kitu kama vile tunaondoka, tukaenda kwenye mizani ya umma nje ya mji. Kila mtu alikuwa ameweka chake kwa nia njema. Mke wangu aliweka vyombo, watoto waliweka baiskeli, na Bi Mkubwa, asiyeamini kwamba Wales kuna mchele, aliweka gunia. Mizani ikasoma kilo 1,452. Palepale kwenye uwanja wa mizani familia ilikaa shura. Baiskeli zilibaki Leicester baada ya machozi mafupi. Hema la mbele likahamia kwenye buti la gari, ambalo lilikuwa bado na nafasi. Madumu ya maji yakamwagwa, maana lita moja ni kilo moja na maji yapo kila kambi. Gunia lilijadiliwa kwa adabu. “Mwanangu,” Bi Mkubwa akasema, “huu mchele ni kilo kumi. Mimi nimepungua zaidi ya hizo tangu nije kwenu.” Mchele ukasafiri, lakini chini ya miguu yake ndani ya gari. Mizani ya pili ikasoma 1,388.

Kufunga kwenyewe kuna mpangilio usiorukwa. Breki ya mkono ya karavani inakazwa kwanza. Gari linarudi mpaka tufe liwe chini ya kichwa cha karavani, kisha kichwa kinateremshwa kwa gurudumu dogo la mbele hadi kisikike kikishika. Baada ya hapo gurudumu hilo huzungushwa tena kana kwamba unainyanyua karavani: bampa la gari likipanda pamoja nayo, kimeshika kweli. Huja waya mwembamba wa dharura, unaofungwa kwenye gari. Endapo karavani itachomoka njiani, waya huo huvuta breki yake kabla haujakatika. Kisha mkono wa kutuliza myumbo, plagi ya umeme, gurudumu dogo kupandishwa juu kabisa na kubanwa, miguu ya pembeni kukunjwa, gesi kufungwa, madirisha na mlango kufungwa. Mtu mmoja anasimama nyuma na kuita taa moja moja. Mwisho, breki ya mkono huachiliwa. Kwetu kazi ya kuita taa ilikuwa ya binti yetu wa miaka kumi, aliyeifanya kwa ukali wa mnadi.

Hakuna mtu anayekaa ndani ya karavani ikiwa inatembea. Sheria hairuhusu, na hata isingekuwapo sheria, aliyeona nguvu ya myumbo asingethubutu. Mwendo wa juu ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu za njia mbilimbili na motawei, na maili 50 kwenye barabara za kawaida. Kwenye motawei yenye njia tatu au zaidi, njia ya kulia kabisa ni haramu kwako.

Tulisoma dua ya safari, tukatoka Leicester baada ya Alfajiri kwa barabara ya A50, tukaingia M6, kisha M56, na hatimaye A55, barabara inayoambaa pwani yote ya kaskazini ya Wales. Karibu na St Asaph kuna mteremko mrefu wa Rhuallt. Unapoinuka kilele chake bonde lote la Clwyd linafunguka mbele yako, na bahari kulia. Mahali hapo abiria hutazama mbali na dereva hutazama vioo. Tuliteremka kwa gia ndogo, maili 40 kwa saa, na msururu wa magari nyuma yetu ulikuwa na haki ya kunung’unika. Kutoka kiti cha nyuma ilisikika takbira ya Bi Mkubwa: ameiona bahari.

Baada ya handaki la Conwy, ambalo limepita chini ya mto tangu mwaka 1991, na milima iliyosogea hadi ukingoni mwa maji, vibao vya umeme vilianza kutangaza upepo. Kisiwa cha Anglesey kinafikiwa kwa madaraja mawili. Moja ni la Thomas Telford la mwaka 1826, zuri la kutazama lakini jembamba milangoni. La pili ni Britannia, lililojengwa na Robert Stephenson kwa ajili ya treni na kufunguliwa mwaka 1850, likaungua mwaka 1970, na baada ya kujengwa upya likawekewa barabara ya magari juu ya reli mwaka 1980. Urefu wake ni mita 461 tu. Lakini liko juu ya mlango wa bahari wa Menai, na upepo ukizidi, karavani, malori marefu na pikipiki huzuiwa.

Tulisimama kwenye maegesho karibu na Bangor. Shemeji yangu, aliyetangulia na gari lake, alipiga simu kutoka ng’ambo. “Shemeji, nimepita sasa hivi, mbona salama? Kibao kinasema tahadhari tu. Kambi wanafunga geti saa mbili.” Wakati ule karavani zilikuwa bado hazijakatazwa, kibao kilipunguza mwendo tu. Ukuta wa karavani yetu ni zaidi ya mita za mraba 14, mwepesi kama tanga, na tanga hilo halina nahodha wa kulikunja. Nilimtazama mke wangu, naye alikuwa akiwatazama watoto. Bi Mkubwa ndiye aliyesema. “Marehemu baba yako alikaa Nungwi siku tatu akisubiri bahari itulie aende Pemba. Watu walimcheka. Tandika tusali.”

Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama madhehebu yetu ya Shafi yanavyoruhusu kwa msafiri wa zaidi ya kilomita 80 hivi, nasi tulikuwa tumeshapita mara tatu ya hizo. Baada ya nusu saa kibao kilibadilika: karavani zimezuiwa. Tukala. Watoto wakalala. Saa kumi na mbili na robo jioni katazo likaondolewa, tukavuka kwa maili 30 kwa saa, na nikiwa katikati nilihisi mkono wa upepo ukiisukuma karavani mara moja, kisha ukaiacha. Mwenye kambi alitungoja getini na taa mkononi ingawa jua lilikuwa bado juu.

Cemaes ndicho kijiji cha kaskazini kabisa katika Wales yote: ghuba ndogo, mashua zinazokaa juu ya tope maji yakitoka, na watu wanaozungumza Kiwelshi dukani bila kujali nani anawasikiliza. Bi Mkubwa aliwasikiliza kwa furaha. “Hawa nao wana lugha yao,” alisema, na tangu hapo aliwaamkia kwa Kiswahili, nao wakamjibu kwa Kiwelshi, pande zote mbili zikiridhika. Kibla kutoka pale ni kusini-mashariki. Tulipoiweka karavani kwenye nafasi yake tulitumia dira kwanza, ili ukumbi wa mbele uwe na nafasi ya safu mbili fupi na choo kisielekee huko. Kwa kuwa tulikusudia kukaa siku sita, tulirudi kwenye sala kamili. Isha ya Julai katika latitudo ile huchelewa mno, na kila msikiti una ratiba yake. Tulifuata ya msikiti wetu wa Leicester.

Juu ya mwamba mashariki mwa kijiji kuna kanisa dogo la Llanbadrig. Nalitaja kwa sababu ya mtu mmoja. Henry Stanley, bwana wa tatu wa Alderley, alikuwa mwanadiplomasia na msafiri aliyesilimu. Alipourithi ubwana wa baba yake mwaka 1869 akawa Mwislamu wa kwanza kukaa katika Baraza la Malodi la Uingereza. Alifunga vilabu vya pombe katika ardhi yake ya Nether Alderley. Familia yake ilikuwa na ardhi Anglesey pia, na mwaka 1884 aligharimia ukarabati wa kanisa hilo, akataka mapambo ya ndani yafuate mtindo wa Kiislamu. Ndiyo maana mna vigae vya buluu na vioo vya rangi visivyo na sura ya kiumbe. Alifariki mwaka 1903, akazikwa katika ardhi yake ya Alderley kwa taratibu za Kiislamu.

Ana uhusiano na pwani yetu pia. Mwaka 1866 Stanley huyuhuyu alichapisha tafsiri yake ya Kiingereza ya maelezo ya Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 habari za Kilwa, Mombasa, Malindi na visiwa vyetu.

Nilimsimulia Bi Mkubwa hayo tukiwa tumekaa kwenye ukuta wa mawe nje ya uwanja wa makaburi, yeye akiwa amekiegemeza kiti chake upande usio na upepo. Aliuliza kama mtu huyo alisali. Nikasema hivyo ndivyo inavyoelezwa. Akauliza kwa nini basi alijenga kanisa badala ya msikiti. Nikamwambia kwamba wapangaji wake walikuwa Wakristo na hilo lilikuwa kanisa lao, na kwamba zaidi ya hapo sina fatwa. Alinyamaza akiangalia mawimbi yakipiga kile kisiwa kidogo kilicho mbele. “Mwenyezi Mungu amrehemu,” akasema. Wajukuu waliingia mlangoni kutazama vigae na kurudi. Yeye hakutaka kuingia, na hakuna aliyemshurutisha.

Siku ya kuondoka upepo ulikuwa umelala. Nilizungukia karavani na spana, nikahakikisha nati za magurudumu, nikapima kichwa: kilo 74, maana mchele ulikuwa umekwisha na vyombo vilikuwa vimepangwa upya. Binti yetu akaita taa. Bi Mkubwa, akiwa tayari kitini, alifungua dirisha akauliza kama mwakani chombo hiki kinaweza kufika Scotland. Niliinama kusoma tarakimu za tairi. Mwakani zinatimiza miaka 5. Nikamjibu kwamba Scotland inafikika, insha Allah, baada ya tairi mpya.